Gari Limewashwa

Simu ya mezani ililia. Afisa usafi aliinyanyua kidogo tu, akaitua pale pale bila kuitazama. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani jiji zima: huifanya kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika chai, na chai isimwagike.

Leo wa kulia ulishika simu yake ya mkononi, iliyokuwa ikimpigia muziki wa kusubirishwa. Mifuko kumi na minne ya taka ilikuwa imelala langoni kwake tangu Jumatatu, na mama mkwe alikuwa njiani. Mama mkwe yule yule ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akimuuliza bintiye, "Hivi mumeo huko halmashauri anafanya nini hasa?"

Swali lilimshinda hata mwenyewe. Zamani alikuwa na magari sita ya taka na watu arobaini. Kisha akasimama mbele ya madiwani, tai imemkaba, akashauri kazi ipewe kampuni inayoiweza, yeye abaki kusimamia. Wakampigia makofi. Mkataba ulikuwa na kurasa mia na tisa. Alisoma jalada, akatia sahihi alipoonyeshwa kwa kidole.

Sasa alipiga namba ya malalamiko kama raia yeyote, tena kaibana sauti asijulikane. Uso una haya.

Muziki ukakatika. Binti wa kampuni akarudi hewani.

"Pole kwa kusubiri, mzee. Gari lipo, limewashwa, dereva kashapanda. Ila likiruka siku, halirudi mpaka bwana mmoja wa halmashauri aseme ndiyo."

"Si umpigie huyo bwana?"

"Ndiye ninayempigia. Bado sijampata."

Ujumbe wa mkewe ukaingia: *Mama ameshuka stendi.*

"Ndiyo maana nchi haiendi," afisa alisema, na uchungu wenyewe ulikuwa wa kweli. "Mtu analipwa mshahara kukalia kiti. Mpigie, mwanangu, mpigie mpaka aone aibu."

"Haya, usikate."

Muziki ukarudi. Simu ya mezani ikalia. Watu hawa hawana kazi za kufanya, aliwaza, na mkono wa kushoto ukainyanyua, ukaitua.

Muziki ukakatika.

"Unaona, mzee?" binti akasema. "Kanikatia tena."