Madaftari Kumi

Madaftari kumi yalikuwa mezani, moja kwa kila somo, yamevishwa karatasi za kalenda ya zamani. Mama yake Sikudhani aliyavisha mwenyewe, akazigandisha kwa uji wa muhogo, siku aliyosikia bintiye anaingia kidato cha mwisho.

“Mama, leo asubuhi mwalimu anataka idadi ya masomo ya mtihani. Masomo saba yanatosha. Nikichukua kumi, naweza kufeli hata hayo saba. Mtaka yote hukosa yote.”

“Methali hiyo ilitungwa na mvivu. Na matatu utakayoacha ni yapi?”

“Fizikia, kemia na hisabati ya juu. Uhandisi ndio basi tena.”

Mama aliacha kufagia. “Haya mwanangu, mtihani utaufanya wewe. Anza kuyavua karatasi hayo matatu.”

Sikudhani akalishika la kemia, akaliweka. Akalishika la hisabati, akalirudisha, akalichukua la fizikia. Alipoukwangua ukingo kwa ukucha, uji ulikuwa umeshakauka, na karatasi ikachanika katikati.

Ng’ambo ya barabara, kengele ya shule ikalia.

Akayakumbatia yote kumi, akatoka mbio bila idadi, la fizikia likiwa limevaa nusu, na nusu nyingine ameifumbata kiganjani.