Tone Moja Pia ni Chakula

Sheria ya kutolisha papa ilikataza kumwaga baharini makombo, matumbo ya samaki na damu, hata tone moja. Kila aliyeshuka pwani alipita kwenye lango lililonusa damu mwilini mwake. Wanawake waliolima mwani walishazoea. Lango likikataa kufunguka, mtu hurudi nyumbani hadi siku zake ziishe, na kila anayemwona akirudi anajua sababu.

Mwatima alifunguliwa lango siku hamsini mfululizo. Hakumwambia mtu, lakini mama mkwe wake, Bi Kazija, aliyeshuka naye pwani kila asubuhi, alishaelewa. Jioni moja alimletea ndimu na udongo wa kula.

"Kula, mwanangu. Kwangu usione haya."

Mumewe akaanza kutaja majina ya mtoto.

Siku tatu baadaye, lango halikufunguka. Mwatima alirudi nyuma hatua mbili, akasogea tena.

"Labda limeharibika," alisema.

Bi Kazija akapita mbele yake, na lango likamfungukia papo hapo. Wanawake waliokuwa nyuma wakatazama chini.

"Nenda nyumbani ukalale, mwanangu."

"Lakini siumwi popote, mama."

"Najua."

Mwatima aligeuka, kamba zake za mwani begani. Kabla hajafika mlangoni kwake, majirani wawili walikuwa wameshampa pole, naye alikuwa bado hajaona damu yoyote.