Kumsitisha Mbarouk

Siku hizi wazee waliopotewa na kumbukumbu huzipata kutoka mtambo mkuu wa mji, kwa kidude kidogo nyuma ya sikio. Mtambo ukitaka kuzimwa na kuwashwa upya, sharti kwanza usitishe muunganisho kwa kukibonyeza kidude, la sivyo kumbukumbu zinafutika. Basi asubuhi ya kuzimwa nilimbonyeza mume wangu, Mbarouk, akiwa anakunywa chai. Akaniangalia kama mgeni.

Likaja tangazo: mtambo umeshawaka, kila mtu amrudishe mzee wake kabla ya adhuhuri, atakayechelewa nafasi yake mtamboni inafungwa kabisa. Nikanyoosha kidole sikioni kwake.

"Astaghfirullahi, mama! Mimi si maharimu wako, usiniguse."

"Mkeo nani kama si mimi? Huo mkate wa kumimina nani kakupikia?"

"Wewe, na ni mtamu, Mungu akulipe. Lakini mke wangu ni msichana. Na mumeo akinikuta humu?"

Nikacheka, kisha nikalia. Alinionea huruma, masikini, ila kila nilipomsogelea alirudi nyuma kwa adabu. Mwisho akavaa kofia, akatoka kukaa barazani.

Adhana ya adhuhuri ikaanza.

"Usilie, mama," akaniambia kupitia dirisha. "Namngoja mumeo hapa hapa, nimwombe radhi."