Siku Tano Mbele ya Daftari

Asubuhi ile mume wake ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, kama anavyovishwa mtoto wa chekechea.

"Ungesema ukweli tu, mama watoto."

"Niseme, wanipe barua ya kuniaga? Funga, nachelewa."

Mwanamke akaivua bandeji mkononi mwake, akaitupa kitandani, akatoka.

Maabarani walimwita Cherehani. Miaka kumi na saba alikuwa akinyonya damu kwa pipeti kutoka kichupa hiki na kuitia kile, na kila tone lilitaka kidole gumba kibonyeze kitufe. Kidole chake kilikwenda mbio, tiki tiki tiki, kutwa nzima. Sasa kilikuwa kimevimba kwenye shina, hakiwezi hata kugeuza ufunguo mlangoni.

Hakuwa peke yake. Msomaji wa hadubini, waliyembatiza Babu Shingo, alikuwa hageuzi tena kichwa. Ukimwita, anageuka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Miezi minne nyuma watu kumi na mmoja walitia saini barua kwenda ofisi inayosimamia afya za wafanyakazi. Jina la Cherehani lilikuwa la kwanza. Jibu halikuja. Aliyekuja ni Mkuu wa maabara, nakala ya barua mkononi.

"Mwenye mkono mbovu aseme mapema," alisema, "nimtafute mzima wa kukaa kwenye stuli yake."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesema kitu.

Asubuhi ile ya vifungo, Jumatatu, Mkuu aliingia na mgeni, mwanamume mwembamba, daftari kwapani. "Huyu atakaa nanyi siku tano. Fanyeni kazi kama kawaida." Akatoka bila kumtazama. Chai ya ofisini ilipoletwa, mgeni aliikataa.

"Wanajifanya hawajuani," Cherehani aliwanong'oneza wenzake. "Huyu kaja kuchambua wabovu. Sasa sikilizeni. Hakuna kuguna, hakuna kujinyoosha, hakuna kukung'uta mkono. Atatoka hapa na daftari jeupe, wallahi."

Mgeni alipokwenda kunawa, waliyaondoa majalada ya zamani waliyokuwa wakiyaweka juu ya stuli ili wazifikie meza. Babu Shingo akaificha taulo yake ya kujikandia nyuma ya friji.

Mgeni alirudi, akapima stuli kwa futi, akapima meza, akakuna kichwa.

"Mnaifikiaje meza hii?"

"Kwa mikono," Cherehani alijibu. Chumba kizima kikacheka.

Jumanne alimaliza vichupa mia mbili na themanini. Jumatano mia tatu. Moto ulitoka kwenye gumba, ukapanda hadi kwenye kiwiko, ukaingia begani, naye akaanza kuimba kwa mluzi. Yule wa daftari alisogeza kiti karibu, akawa anahesabu midomo ikimcheza.

"Huo mkono haukuumi, dada?"

"Wako je? Maana naona unaandika sana."

"Na wewe mzee, shingo vipi?"

"Kama ya twiga," Babu Shingo alisema, macho kwenye hadubini, jasho likimtiririka mgongoni.

Alhamisi wenzake walitoka kwenda kula. Cherehani alibaki, kwa sababu mbele ya watu hakuweza tena kushika kijiko. Mgeni naye alibaki. Akalifunga daftari, akainama.

"Dada, hapa tupo wawili tu. Hakuna atakayesikia. Kama kuna jambo lolote, hata dogo, niambie."

Cherehani alimtazama usoni. Mtego gani huu wa kitoto?

"Andika," alisema. "Andika kwamba mikono ya huyu mwanamke ni chuma."

"Una hakika?"

"Shemeji, unataka nikufinye ndiyo uamini?"

 Mgeni akalifungua daftari, akaandika polepole, kichwa chini.

Ijumaa Cherehani alivuka vichupa mia tatu na arobaini. Hakuna mtu aliyewahi kufika huko, hata yeye enzi zile mkono wake ukiwa mzima. Saa tisa yule mtu akafunga begi lake, akawapa mkono wote. Cherehani aliupokea kwa nguvu zake zote, akatabasamu mpaka mlango ulipofungwa. Hapo ndipo alipokaa chini sakafuni, mkono kifuani, machozi yakimtoka huku akicheka.

"Tumemshinda!" alisema. "Kaondoka mikono mitupu!"

Babu Shingo alicheza katikati ya chumba, akizunguka mwili mzima, na watu wakampigia makofi ya mapajani, maana viganja vilikuwa vinawauma.

Wiki mbili zikapita. Hakuna aliyefukuzwa. Majalada yakarudi kwenye stuli, taulo ikarudi shingoni. Cherehani alitembea kifua mbele.

Kisha asubuhi moja Mkuu aliingia na bahasha. Kwa mara ya kwanza walimwona akitabasamu. Akaiweka mbele ya Cherehani, tayari imefunguliwa.

"Soma kwa sauti," alisema. "Wasikie wote."

Cherehani alisoma.

"Kwenu kumi na mmoja mlioandika kwetu. Kufuatia malalamiko yenu, tulimtuma mkaguzi wetu akae nanyi siku tano bila kujitambulisha, ili aione kazi ilivyo. Hakuona dalili yoyote ya maumivu. Malalamiko yenu yamefungwa."

Aliikamata ile barua aichane vipande vipande. Kidole gumba kikakataa.