Unyayo wa Baba

Baba alikuwa amelala kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, na kifua chake kilikuwa kimetulia kabisa.

Nikahisi ananitania tu. Tangu daktari aseme ubongo wake unasahau kumwambia apumue akiwa usingizini, amekuwa akibana pumzi makusudi ili anitishe. Mashine ya kumsaidia kupumua hataki kuivaa. "Hiyo ni ya wanaokoroma," husema. "Mimi umewahi kunisikia?"

"Baba, acha bwana. Nimeshakujua."

Nikamtekenya unyayo, maana hapo hawezi kuvumilia hata kidogo. Mguu haukusogea. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka.

"Baba!"

Akavuta pumzi kwa kishindo, akafumbua macho, akaniona nalia. Akatabasamu harakaharaka.

"Leo nimekuweza, mwanangu!"

Sikumwamini. Nikamgusa tena unyayo kwa kidole kimoja tu, naye akaruka, akacheka mpaka mto ukaanguka.

"Mbona sasa hivi nimekutekenya hukucheka?"

"Umenitekenya saa ngapi?"

"Ulipokuwa unanitania."

Baba akakaa. Kicheko kikamwisha usoni.

"Uliponitekenya, nikafanyaje?"