Kikoi cha Zambarau

Siku ya Picha, kila mtu wa Muheza hutandika nguo yake juu ya bati la nyumba anamoishi. Ambaye nguo yake haikuonekana kutoka kwenye helikopta, hana kwao mwaka mzima. Sheria haina shangazi.

Mpiga picha Sekibo, kwa kuwa siku hiyo huwa angani, hutandikiwa na mkewe, Zawena.

"Kikoi changu cha zambarau utakiona hata ukifumba macho," alimtambia rubani Nasoro walipokaribia kwake.

Wakaiona kanga ya Zawena. Wakaziona fulana za watoto. Ubavuni mwa kanga ulitandazwa msuli wa kijani wa Mkonje, jirani yao mpasua mbao.

"Labda shemeji amechanganya nguo," Nasoro alisema, akikohoa.

"Zawena? Anayekunja hata matambara kwa rangi?"

Angeacha kupiga picha, watoto nao wangekosa kwao. Kidole kikabonyeza. Ndipo alipokiona kikoi chake, kimenyooshwa vizuri na kukandamizwa kwa mawe, juu ya banda la kuku.

Jioni alipofika, Zawena alikuwa ameshamfagilia.

"Karibu, baba Chiku," alisema kwa upole, akimfungulia kimlango cha banda. "Inama kidogo."