Komba Aita Majina

Hapo msitu ulipokuwa bado haujaguswa, Komba aliishi katika tundu la mvule, alimozaliwa mama yake na bibi yake. Jioni moja aliamka akakuta wanawe wawili wametolewa nje juu ya tawi, na ndege Hondohondo anakandika mlango kwa tope.

"Nani kakupa nyumba yangu?" aliuliza.

"Kikao cha wanyama cha leo mchana," alijibu Tumbili, mwenyekiti wa kikao, kutoka tawi la juu. "Jina lako liliitwa mara tatu, hukuitika. Asiyeitika hana mti. Ndiyo desturi."

"Mchana mimi hulala, na wewe unajua."

"Uvivu wako usitutie taabuni, bibie."

Usiku wa manane Komba alipanda tawi lile lile kilikofanyika kikao, akamweka Popo awe shahidi, kisha akaita kila mnyama wa mchana mara tatu, kwa jina lake na la mama yake. Alijibiwa kwa mikoromo.

Alfajiri alimwamsha Tumbili. "Shuka. Mti huu ni wangu, na ile mingine yote. Niliwaita mara tatu, hakuitika hata mmoja. Muulize Popo."

"Lakini tulikuwa tumelala," alilalamika Tumbili.

"Rudia hayo," alisema Komba, "kwa sauti, Hondohondo naye asikie."

Tumbili aliyarudia huku akitazama chini. Kabla jua halijachomoza, Hondohondo alikuwa akibandua tope lake. Komba aliwaingiza wanawe ndani, akalala.